Wekundu Si Jina la Ugonjwa: Matone ya Macho katika Mji wa Vumbi

Mhadhara wa umma uliotolewa Kolwezi, mkoa wa Lualaba



Nimekuja na vitu viwili mfukoni. Cha kwanza ni kipande cha malakiti, jiwe la kijani ambalo hapa Kolwezi hata mtoto wa miaka mitano analijua. Cha pili ni kichupa cha matone ya macho. Vyote viwili vimewahi kuwa dawa. Wamisri wa kale walisaga malakiti wakaipaka kwenye kope, kwa urembo na kwa tiba. Hata mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa bado wanageuza kope za mgonjwa wa trakoma, yaani vikope, na kuzisugua kwa kijiti cha salfeti ya shaba. Yalikuwa mateso, ila hawakuwa na kingine. Shaba iliingia machoni mwa watu zamani sana kabla ya kuingia kwenye nyaya za umeme. (Namwona kijana mmoja anacheka. Tafadhali usiende kujaribu nyumbani.)

Kichupa hiki kimeandikwa kloramfenikoli 0.5%. Nacho asili yake ni udongo. Mwaka 1947 wanasayansi wa Marekani walitangaza dawa hiyo baada ya kuipata kwa kijidudu kilichoishi katika udongo wa shamba karibu na Caracas, Venezuela. Mwaka uliofuata ikatangazwa dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini, nayo kutoka udongo wa Missouri. Sisi tunaoishi kwa kuchimba tumezoea kuhesabu shaba na kobalti peke yake.

Katika nyumba ya kambi nilimokulia, kichupa cha namna hii kilikaa juu ya kabati, jirani na sukari. Kila jicho lililowasha lilipata haki yake humo: la kaka aliyeingiwa na mchanga, la dada aliyeamka na matongo, la bibi aliyekuwa anapoteza nuru polepole. Hakuna aliyeuliza jicho linaumwa nini. Lilikuwa jekundu, basi. Mchana wa leo nataka kubishana na hilo neno "basi".

Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hazipo, malori ya madini hayalali, na vumbi la barabara linatua juu ya chakula, nguo na kope. Jicho la Kolwezi katika miezi hiyo lina sababu nyingi za kuwa jekundu. Vumbi lenyewe linakwaruza, na jicho la namna hiyo linahitaji maji safi na kupumzika. Mtoto anayejikuna macho yote mawili mwaka hadi mwaka, ute wake mwembamba na unavutika kama uzi, ana mzio. Kiuavijasumu hakimsaidii kitu. Mchomeleaji anayeamka usiku wa manane akihisi macho yamejaa mchanga aliunguzwa na mwanga wa moto wake mwenyewe.

Halafu kuna Apollo. Jina hilo lilizaliwa Ghana mwaka 1969, mwaka ule ule chombo Apollo 11 kilipowafikisha watu mwezini, pale macho mekundu yenye kuvuja damu yalipoenea kwa kasi. Chanzo chake ni virusi, na matone ya kuua bakteria hayavigusi. Januari 2024 wimbi la macho mekundu ya virusi lilipoikumba Tanzania, wizara ya afya ya huko ilibidi iwakataze watu kujitilia dawa bila kupimwa. Sidhani kwamba Watanzania ni wakaidi kuliko sisi.

Sasa jicho lenye bakteria lenyewe. Kope zinagandana asubuhi, usaha ni mzito, wa njano au kijani, mara nyingi huanza jicho moja kisha hufuata la pili. Hapo kloramfenikoli ina kazi. Hata hivyo sikilizeni jambo ambalo wauza dawa hawatalitangaza. Mwaka 2005 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti wa watoto 326 wenye macho ya namna hiyo. Nusu walipewa kloramfenikoli, nusu matone yasiyo na dawa ndani. Siku ya saba, waliopona kwa dawa walikuwa 86%, na waliopona bila dawa 83%. Mwili wenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi. Uingereza si Kolwezi, na mtoto anayeishi kwenye vumbi bila maji ya bomba ana mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo sisemi msitibu. Nasema tu kwamba hamna sababu ya kukimbilia matone yenye nguvu zaidi, yale ya siprofloksasini, kwa jicho lililogandana tangu jana. Hayo tuyawekee akiba kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Bakteria wakishayazoea, kidonda kitakuja na hatutakuwa na kitu mkononi.

Kuna jicho moja ambalo silifanyii mzaha. Mtoto mchanga ambaye katika mwezi wake wa kwanza anatoa usaha machoni ni dharura. Kisonono alichokipata njiani wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa konea kwa siku chache sana. Matone peke yake hayamtoshi. Anahitaji sindano, na mama na baba watibiwe pamoja naye. Jirani zetu wa Kenya ndio walioufundisha ulimwengu mengi juu ya kinga yake. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa Nairobi uliolinganisha matone ya nitrati ya fedha na mafuta ya tetrasaiklini kwa watoto 2,732. Kati ya waandishi wake walikuwamo Ndinya-Achola wa Nairobi na Peter Piot, yule Mbelgiji ambaye mwaka 1976 alikuwa kwetu Yambuku wakati Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza. Mafuta ya tetrasaiklini hayakushindwa na dawa ile kongwe. Mwaka 1995, Kenya hiyo hiyo, iodini ya povidoni, dawa ya bei ya chini kabisa, nayo ikaonyesha inafaa. Akina mama, mkijifungua, ulizeni kama mtoto ametiwa dawa ya macho. Ni dakika moja tu.

Jicho la pili la kuogopwa ni la mchimbaji. Tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mwaka 2014, watu wanashuka mashimoni na patasi na nyundo, na miwani ya kinga ni adimu. Kipande cha mwamba kinaruka, kinachana konea, mtu anapepesa, anaendelea na kazi. Siku ya tatu jicho linauma, linaogopa mwanga, na katikati ya weusi kuna doa jeupe. Hicho ni kidonda cha konea. Kinaweza kuwa cha bakteria, kinaweza kuwa cha kuvu, na macho matupu hayatofautishi. Mahali hapo ndipo watu hutumia maji ya majani, maziwa ya mama, hata mkojo. Mwaka 1994 Yorston na Foster walichapisha habari za wagonjwa 103 wa vidonda vya konea nchini Tanzania. 26 kati yao walikuwa wametia dawa za kienyeji. Ningependa kuwalaumu waganga, lakini mgonjwa mwingine hufika akiwa ametiliwa kitu kibaya zaidi, nacho kilinunuliwa farmasi.

Nakusudia vile vichupa vyenye dawa mbili ndani, kiuavijasumu na steroidi. Watu wanavipenda mno, kwa sababu vinafanya kile wanachokitaka: wekundu unaondoka kwa siku moja. Steroidi inazima moto wa mwili, na moto huo ndio unaopigana na vijidudu. Jicho linakuwa jeupe, zuri, huku kuvu au virusi vya malengelenge vinakula konea kwa utulivu. Mtoto yule wa mzio akitiliwa mwezi hadi mwezi, presha ya jicho inapanda bila maumivu, na nuru iliyoondoka kwa glakoma hairudi. Mtoto wa jicho anaweza kuja pia kabla ya wakati wake. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa daktari aliyelitazama jicho kwa kifaa chake. Kwa mtu aliyeambiwa "chukua hiki, kinafanya haraka," ni mtego. Someni sanduku. Mkiona "dexaméthasone", "prednisolone", "bétaméthasone", "hydrocortisone", rudisheni. Masikio yenu yashike huo mwisho wa jina, "-sone" na "-lone". Na yale matone ya ganzi ambayo mchomeleaji huombewa na rafiki, yasitoke hospitali kabisa. Yanazuia konea kupona.

Niharakishe kidogo juu ya asidi, ingawa katika mkoa huu inastahili mhadhara wake. Viwanda vyetu vinakunywa asidi ya salfuriki, na inapita barabarani mwetu. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi na basi viligongana na watu wasiopungua 18 wakafa. Asidi ikiruka jichoni, usitafute matone. Tafuta maji, mwagia papo hapo, kope zikiwa wazi, nusu saa nzima, ndipo uende hospitali.

Sasa mkono. Nimewatazama watu wengi wakitilia, na karibu wote hutia matone matatu au manne. Tone moja ni takriban mikrolita 30 hadi 50. Jicho haliwezi kushika zaidi ya 30. Tone la pili ni faranga zinazotiririka shavuni. Nawa mikono, futa usaha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vuta kope ya chini ifanye kimfuko, dondosha tone moja bila ncha ya kichupa kugusa kope wala nywele zake. Funga jicho taratibu na ubonyeze pembe ya ndani, karibu na pua, dakika moja au mbili. Ule uchungu mnaousikia kooni baada ya kloramfenikoli ni dawa iliyokimbia kwa mfereji wa machozi ulio kwenye pembe hiyo. Mtoto anayelia mlaze chali, dondosha kwenye pembe ya ndani macho yakiwa yamefumbwa. Atayafumbua mwenyewe na dawa itaingia. Kama kuna dawa mbili, subiri dakika tano, na mafuta yawe ya mwisho. Wewa, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akipaka mafuta asipande pikipiki mpaka ukungu wake uondoke.

Kloramfenikoli hutiwa kila baada ya saa mbili kwa siku mbili za kwanza, kisha mara nne kwa siku, hadi siku tano zitimie hata kama jicho limekuwa jeupe siku ya pili. Kama siku mbili zimepita bila nafuu, au kuna maumivu, au kuona kumefifia, au mwanga unachoma, acheni kubahatisha.

Na joto. Matone haya yanataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichopangwa juu ya meza kando ya barabara, kwenye jua la Oktoba, kina jina la dawa. Nguvu yake siwezi kuwahakikishia, hata kama tarehe bado. Kikishafunguliwa, maisha yake ni siku 28, na kwa mtu mmoja tu.

Ombi langu ni la usiku huu. Mkifika nyumbani, shusheni kile kichupa cha juu ya kabati. Kama hamkumbuki kilifunguliwa lini, kitupeni. Kama kina jina lenye "-sone" au "-lone", kesho kipelekeni kituo cha afya pamoja na mtu aliyekuwa anakitumia.