Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Kitabu cha Mwongozo kwa Wachangiaji wa Programu Huria



Kikundi chochote kinapokwenda kusajiliwa, kiwe cha akina mama wanaoweka akiba kule Nkubu au cha wakulima wa mradi wa maji kule Runyenjes, huulizwa: katiba yenu iko wapi? Katiba hiyo haileti maji bombani wala haiongezi shilingi kwenye akiba. Kazi yake ni kumweleza mwanachama mpya atatoa nini, atapata nini, amuulize nani, na mzozo ukizuka utaamuliwa vipi. Kikundi kisichoiandika huendelea vizuri mpaka siku mwenyekiti anapohama au mweka hazina anapougua. Hapo ndipo watu hukumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mazungumzo haya yanahusu daftari la aina hiyo katika kazi ya kompyuta: kitabu cha mwongozo kwa watu wanaotaka kuchangia programu huria.

Programu huria na mwananchi wa kawaida

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta itende kazi, uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Programu nyingi za namna hii hujengwa na watu waliotawanyika nchi mbalimbali. Wengine wanalipwa na mashirika yao, wengine wanajitolea.

Jambo hili liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 2011, takwimu za vituo vya afya nchini Kenya zimekuwa zikitumwa kwa mfumo wa kitaifa uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hesabu ya watoto waliochanjwa na ya akina mama waliojifungulia kituoni hupita humo. Mfumo mwingine, KenyaEMR, hutunza rekodi za wagonjwa katika mamia ya vituo vya afya nchini, na umejengwa juu ya programu huria iitwayo OpenMRS. Nao Wakenya wenyewe waliipa dunia Ushahidi, programu iliyoundwa kwa siku chache mwezi Januari 2008 ili wananchi waweze kuripoti ghasia zilizofuata uchaguzi. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka vituo vya afya vya kaunti na vyuo vya ufundi vya vijiji mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mifumo inayotumika zahanatini, na vijana wanaoweza kuitengeneza, ni shughuli inayowahusu wakazi wa kaunti moja kwa moja.

Funzo kutoka Eldoret

Historia ya OpenMRS inaonyesha kwa nini kuandika ni muhimu. Mwaka 2004, madaktari kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walifika Eldoret kusaidia mpango wa AMPATH, ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi walikuwa wakiongezeka haraka, na mfumo wa rekodi uliokuwapo haungeweza kubeba mzigo huo. Mfumo mpya ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na nchi nyingine zikauchukua.

Mradi ulipokua, watu wapya waliojiunga hawakuwahi kukaa chumba kimoja na waanzilishi. Kila mgeni alikuja na maswali yaleyale: nianzie wapi, niweke nini kwenye kompyuta yangu, nani atakagua kazi yangu? Wenyeji walikuwa wanajua majibu, lakini mengi yalikuwa vichwani mwao au yametawanyika huku na kule.

Mwezi Oktoba 2011, wanachama wachache wa OpenMRS walikutana Mountain View, California, katika ofisi za Google, pamoja na watu wa miradi mingine mitatu ya programu huria. Kila kundi lilikaa kwa siku chache na kuandika kitabu kizima. Kundi la OpenMRS lilitoka na mwongozo wa watengenezaji, unaoeleza mradi ni nini, umejengwa vipi, na mgeni aanze vipi.

Kazi hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, kitabu cha mwongozo kinaweza kuandikwa kwa muda mfupi endapo watu wanaoijua kazi watakaa pamoja na kuacha mengine kando. La pili, kinaandikwa na kundi. Mtu mmoja akikiandika peke yake huacha yale ambayo kwake ni ya kawaida mno, na mara nyingi hayo ndiyo yanayomkwamisha mgeni.

Nini kiandikwe

Kitabu kizuri huanza na sentensi chache zinazosema programu inafanya nini na inamsaidia nani. Mtu akifika mwisho wa ukurasa wa kwanza bila kujua hayo, hatafungua wa pili.

Kisha huja leseni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoandikwa ni ya mwandishi wake tangu alipoiandika. Kuweka msimbo hadharani bila leseni ni kama kuacha lango wazi bila kusema kama wapita njia wanakaribishwa. Mwongozo unapaswa kutaja leseni ya mradi na kumweleza mchangiaji kwamba kazi atakayoleta itatolewa kwa masharti hayohayo.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni ile ya kuandaa kompyuta, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa. Chukulia kijana aliyemaliza stashahada ya kompyuta, yuko nyumbani Laare au Kiritiri, anatumia kompyuta ya mtumba na bando analonunua kwa siku. Mwongozo ukimwambia tu “pakua kila kitu kisha uanze”, bando litaisha kabla hajaona lolote. Mwongozo unaomjali utamwambia mapema atapakua faili zenye ukubwa gani, kompyuta yake iwe na nguvu kiasi gani, na kama anaweza kupata faili hizo kwa flashi kutoka kwa mwenzake. Utaweka pia nakala anayoweza kuisoma bila intaneti.

Sehemu ya nne ni kuripoti hitilafu. “Mfumo haufanyi kazi” si ripoti. Ripoti kamili hutaja mambo matatu: mtumiaji alifanya nini, alitarajia nini, na aliona nini. Hapa mifumo ya afya ina jambo ambalo halina mjadala: jina la mgonjwa, nambari yake ya kitambulisho, au picha ya skrini inayoonyesha rekodi yake isiwekwe kamwe kwenye ripoti ya hitilafu. Ripoti za programu huria husomwa na dunia nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za afya za mtu kwa namna ya pekee. Mwongozo uonyeshe jinsi ya kutumia mgonjwa wa kubuni badala ya mgonjwa wa kweli. Mstari huo mmoja unaweza kumwepusha mama wa kijijini na aibu ya siri yake kutangazwa.

Sehemu ya tano ni safari ya badiliko. Mchangiaji akishasahihisha kitu, ampelekee nani? Nani atakikagua, na kwa siku ngapi? Likikataliwa, ataelezwa sababu? Vijana wengi huacha kuchangia kwa sababu ya ukimya kuliko kwa sababu ya ugumu wa kazi. Mradi usioweza kujibu kwa siku mbili useme wazi kwamba utajibu baada ya wiki mbili, kisha utimize.

Mwisho ni mwenendo na maamuzi: lugha gani haikubaliki, aliyetukanwa alalamike kwa nani, na nani mwenye neno la mwisho wachangiaji wakitofautiana. Mtu asiyejuana na yeyote ndani ya mradi ndiye anayehitaji zaidi sehemu hii.

Si kazi ya waandishi wa msimbo peke yao

Miongozo mingi hukosea kwa kudhani kwamba mchangiaji ni mwandishi wa msimbo tu. Karani wa rekodi katika kituo cha afya, anayeingiza taarifa kila siku, anajua ni kitufe gani kinachomchelewesha na ni swali gani wagonjwa hawalielewi. Maarifa hayo mhandisi aliye Nairobi au Oslo hana. Mwalimu anaweza kusahihisha maelezo. Mtu anayejua Kiswahili sanifu, Kimeru, Kiembu au Kimbeere anaweza kutafsiri maandishi ya skrini au maswali ya fomu. Mwongozo ueleze njia ya kila mmoja wao, na utenge kazi ndogo za kuanzia. OpenMRS hufanya hivyo kwa kuwawekea wageni alama kwenye kazi nyepesi za utangulizi, ili mtu aonje ushindi mdogo kabla ya kukabili kazi kubwa.

Jinsi ya kuanza

Mradi mdogo hauhitaji kitabu cha kurasa mia. Kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru au cha Chuo Kikuu cha Embu linalotengeneza programu ya kupima maziwa au kahawa linaweza kuanza na kurasa mbili ndani ya faili liitwalo CONTRIBUTING, jina ambalo wachangiaji wa programu huria duniani kote wamezoea kulitafuta.

Baada ya kuandika, wajaribu. Wamwite mtu ambaye hajawahi kuuona mradi, wampe mwongozo, kisha wakae kimya. Asisaidiwe wala asielekezwe kwa kidole. Kila anapokwama waandike alipokwama, maana kosa ni la mwongozo, si lake. Akimaliza, yeye mwenyewe arekebishe kurasa hizo, na marekebisho hayo yawe mchango wake wa kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona kizingiti ambacho mwenyeji amezoea kukiruka.

Kisha tarehe iandikwe juu ya ukurasa, na mtu mmoja atajwe kuwa mtunzaji wake. Mwongozo uliopitwa na wakati hupoteza watu kuliko kutokuwa na mwongozo kabisa, kwa sababu msomaji huuamini.

Gharama ya kutoandika

Chukulia kituo cha afya ambako fundi mmoja ndiye anayejua jinsi mfumo ulivyorekebishwa ili utoe ripoti za mwezi. Fundi huyo anapata kazi mjini na kuondoka. Mwezi unaofuata mfumo unagoma. Makarani wanarudi kwenye madaftari, faili la mgonjwa halionekani, na aliyetoka mbali kufuata dawa anaambiwa arudi kesho. Nauli yake imekwenda bure. Fundi hakuwa na nia mbaya, wala programu haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kurasa chache ambazo zingemwezesha fundi mwingine, hata aliye kaunti jirani, kuendelea pale mwenzake alipoachia.

Programu huria humpa mwananchi ruhusa ya kurekebisha chombo anachokitumia. Lakini kijana wa Maua au Siakago aliyepewa ruhusa bila maelezo bado yuko nje ya lango, anatazama ndani. Kitabu cha mwongozo ndicho kinachomkaribisha, na kukiandika hakuhitaji bajeti kubwa. Kunahitaji watu wanaoijua kazi, meza, siku chache, na mgeni mmoja wa kukijaribu.