Tumtunze Anayetutunza



Tangu 2013 zahanati za serikali hapa Migori na Homa Bay ziko chini ya kaunti. Mwaka 2017 wauguzi nchini waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na wajawazito wakahangaika. Mshahara wa muuguzi ni deni la kaunti, na sisi tusichoke kuikumbusha. Lakini je, sisi wenyewe? Muuguzi aliye peke yake anatuhudumia mchana kutwa, na usiku tunamgongea mlango. Basi kamati ya zahanati na vikundi tufanye harambee: nyumba karibu, tangi la maji, taa, mlinzi. Akichoka akahama, nani atapokea mtoto wetu usiku wa manane? Tuanze mwezi huu, jamani.