Mafuta ndani ya ini: tusingojee tumbo livimbe

*Maneno ya mfanyakazi wa shirika linalotusindikiza, aliyoyasema mbele ya wanamemba kwenye mkutano wa Kavimvira.*

 

Komite imeniomba niseme juu ya ugonjwa wa ini lenye mafuta. Najua wengine wanawaza: huo ni ugonjwa wa mabosi, ao wa walevi. Sivyo. Mtu anaweza kuwa hajaonja Primus hata siku moja, na ini lake likajaa mafuta. Ulimwenguni, karibu watu wazima 3 kati ya 10 wako na mafuta hayo.

Unaanzia wapi? Mara nyingi unaanzia kwa insulini. Ukila bugali, mchele ao mandazi, sukari inaingia ndani ya damu. Kongosho linatoa insulini, na insulini inabisha hodi kwenye nyama za mwili ili zifungulie sukari mlango. Sasa kuko watu ambao nyama zao haziitikii tena hodi ile vizuri. Kongosho linaongeza insulini, kesho linaongeza tena. Kwa miaka mingi kipimo cha sukari kinaonyesha hali nzuri, kumbe kongosho linachoka polepole.

Insulini njo inayoambia pia mafuta ya mwili yatulie mahali pake. Isiposikilizwa, mafuta yanaachiliwa ndani ya damu na kuishia kwenye ini. Na ini lenyewe, likipata sukari nyingi na insulini nyingi, linatengeneza mafuta mapya. Linajazwa kutoka pande mbili.

Mafuta peke yake hayaumi, na kwa watu wengi hayaleti kubwa. Lakini kwa wengine ini linavimba ndani, na mwili unafanya vile unavyofanya kwa kidonda cha mguu: unaweka kovu. Waganga wanahesabu kovu kwa hatua, tangu 0 mpaka 4. Ile ya 4 njo sirozi. Kwa mwenye mafuta bila uvimbe, hatua moja inachukua kwa wastani kama miaka 14. Kwa mwenye uvimbe, kama miaka 7. Maana yake wengi wetu tungali na wakati.

Kovu likizidi, linabana njia ya damu inayotoka matumboni kwenda kwenye ini. Maji yanajaa tumboni, macho yanakuwa manjano, mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka na mtu akatapika damu. Na hapa, wapendwa, ninaomba munisikilize vizuri. Mtu akifika hali hiyo kwetu, neno la kwanza ni lipi? «Amelishwa sumu.» Wengine wanasema karuho. Halafu anatafutwa aliyemlisha, na mara nyingi anapatikana yule jirani tunayegombana naye kiwanja tangu turudi. Tumbo lenye maji lina sababu nyingi zinazojulikana: virusi vya epatiti B, bilharzia ya maji yetu ya ziwa na ya mashamba ya mchele ya Ruzizi, pombe kali, na hili kovu la mafuta. Kabla ya kutaja jina la mtu, tupeleke mgonjwa hospitalini.

Kwa nini niseme jambo hili kwa watu waliorudi? Wengi wenu mlikimbia 1996 ao 1998, mkapita msituni, mkavuka ziwa kwenda Kigoma, mkaishi Lugufu ao Nyarugusu. Watoto walichukuliwa mimba na kuzaliwa katika njaa. Kule Nigeria, watafiti walipima watu waliozaliwa Enugu wakati wa njaa ya vita vya Biafra, 1967 mpaka 1970. Walipofika miaka kama 40, walikuwa na shida ya sukari, presha na unene kuliko wale waliozaliwa baada ya njaa. Mwili uliojifunza njaa tumboni mwa mama unashindwa kubeba shibe. Vijana wetu waliozaliwa safarini leo wanakaribia miaka 30. Wanakaa siku nzima kwenye pikipiki, wanakunywa sukre. Chupa moja ndogo ya kola, santilita 33, ina karibu gramu 35 za sukari.

Tufanye nini? Chombo cha kwanza ni mita ya fundi cherehani. Pima kiuno: mwanaume akipita santimita 94, mwanamke akipita 80, aende apimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Ikiwa 100 mpaka 125, ni onyo. 126 na zaidi, ikirudiwa na kuthibitishwa, ni ugonjwa wa sukari. Ekografi inaweza kuona mafuta, lakini kovu la mwanzo linaipita. Kwa kovu, muganga anaweza kuhesabu kwa kutumia umri, transaminazi mbili na plaketi za damu. Ni analizi za kawaida.

Dawa? Marekani walikubali ya kwanza ya ugonjwa huu Machi 2024. Tusiuze shamba kwa kuifuata. Mwenye kilo 80 akipunguza 4, mafuta ya ini yanapungua. Akifikisha 8, hata kovu linaweza kulegea. Tupunguze kipande cha bugali, tuongeze maharagi, sombe isiyoogelea ndani ya mawese, na ndakala. Tutembee kwa miguu. Kahawa yetu ya Kivu bila sukari haina ubaya. Watafiti wanaona wanaoinywa wana kovu kidogo. Lakini mtoto aliyekonda na mama mwenye mimba wasipunguziwe chakula hata kidogo. Na wembamba wasijisifu, kuko wembamba wenye mafuta ndani ya ini.

Neno la mwisho ni kwa sanduku letu la mshikamano. Leo linafunguka wakati tumbo limekwisha kuvimba, kwa kumpeleka mgonjwa Bujumbura, ao kwa kununua sanda. Ninaomba komite ikubali mambo mawili: mita ya cherehani iwe mezani kila mkutano kwa kila mwenye miaka 35 na zaidi, na sanduku lisaidie analizi za wale watakaopita kipimo. Ninyi wafadhili, mkiuliza pesa zenu zifanye nini, ziende kwenye analizi hizo. Mita tutajinunulia.

Ninaomba wanamemba wapige kura juu ya jambo hili kabla hatujatawanyika.