Roketi Isiyo na Usukani: Ohsumi, 1970



Tarehe 11 Februari 1970, saa 7:25 mchana, roketi ya Lambda 4S iliruka kutoka Uchinoura, kusini mwa Japani. Ilibeba setilaiti ya majaribio iliyopewa jina la rasi ya pale, Ohsumi. Siku hiyo Japani ikawa nchi ya nne kurusha setilaiti kwa roketi yake yenyewe, baada ya Umoja wa Kisovieti, Marekani na Ufaransa. China ilifuata mwezi wa Aprili.

Mashindano hayo hayanishughulishi sana. Kinachonivutia ni kwamba roketi hiyo haikuwa na usukani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walikatazwa kufanya utafiti wa ndege hadi 1952. Hideo Itokawa, mhandisi wa zamani wa ndege za kivita, alianza upya mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Tokyo kwa kiroketi cha sentimita 23, kikifyatuliwa kwa ulalo. Roketi zilipokua, ukaja wasiwasi mwingine: anayejua kuongoza roketi anajua pia kulenga kombora. Wahandisi wakaamua kufika angani bila mfumo wa uongozaji.

Lambda ilikuwa na hatua nne, zote za fueli mango, uzito wa tani 9.4. Fueli ya aina hii ikishawaka huwezi kuipunguza wala kuizima. Inaungua mpaka iishe. Basi roketi iliegeshwa kwenye reli kwa mwinamo uliopigiwa hesabu, mapezi na mzunguko vikaishikilia isiyumbe, na mvutano wa dunia ukaikunja njia yake kidogokidogo.

Akili yote iliwekewa dakika chache za kileleni. Hatua ya nne ilifika huko ikizunguka kama pia, pua ikiwa bado imeelekea juu. Ilisimamishwa kuzunguka, vijeti vidogo vikailaza sambamba na upeo wa macho, ikazungushwa tena, ndipo ikawashwa. Ikikosea hapo, hakuna wa kuirekebisha.

Na ilikosea. Majaribio manne yalishindwa kati ya 1966 na 1969, na katikati wavuvi, ambao bahari yao ndiyo ilikuwa ikiangukiwa na mabaki, walipinga hadi urushaji ukasimama. Wavuvi hao hawakuwa wakorofi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Itokawa mwenyewe alijiuzulu 1967. Jaribio la nne ndilo linalouma zaidi: hatua ya tatu, ikiwa imekwisha kuachwa, ilikuwa bado na msukumo kidogo ndani yake. Ikamfuata mwenzake, hatua ya nne, kwa nyuma, ikamgonga.

La tano lilifaulu. Ohsumi ilikuwa na kilo 24, pamoja na mota iliyoungua na kubaki imeshikamana nayo. Mota hiyo ndiyo iliyoiponza: joto lilizidi makadirio, na mawimbi yakakatika siku iliyofuata.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, Kenya, roketi ya Marekani ya Scout, nayo ya hatua nne za fueli mango, ilirusha setilaiti ya Uhuru. Lakini Scout iliongozwa kwa jairoskopu. Wajapani walirusha setilaiti ya Tansei mwaka 1971 kwa roketi kubwa zaidi, bado bila usukani; usukani wa kweli waliuweka 1974, kwenye hatua ya pili ya roketi ya M-3C.