Mnandi Si Adui wa Mvuvi

Kila samaki wanapoadimika katika Ziwa George na Ziwa Edward, lawama humwangukia mnandi. Ndege huyu mweusi, mwenye shingo ndefu, huonekana kando ya Mfereji wa Kazinga akiwa ametandaza mbawa zake, na wengi humhesabu kuwa mwizi anayestahili risasi. Hata katika nchi za mbali hoja hiyo imepata nguvu. Mwaka 2020 jimbo la Ontario nchini Kanada lilifungua msimu wa kumwinda, kila mwindaji akiruhusiwa kuua ndege 15 kwa siku.

Mfano huo haufai kuigwa Kasese. Mnandi hutandaza mbawa kwa sababu manyoya yake hulowa anapozamia, naye huyakausha juani. Chakula chake hasa ni samaki wadogo, wala si ngege wakubwa wanaompatia mvuvi riziki. Kinyesi chake nacho hurutubisha maji, na ngege hula mimea midogo inayoota humo. Ziwa George liliingizwa mwaka 1988 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa la kwanza nchini Uganda.

Adui wa kweli anajulikana. Ni nyavu zenye matundu madogo, na samaki wachanga wanaopelekwa sokoni kabla hawajazaa. Ndiyo maana mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walipewa jukumu la kupambana na uvuvi haramu. Mnandi hana wavu, wala hapitishi magendo mpakani Mpondwe.

Askari wana sababu nyingine ya kuikataa hoja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndovu wa hifadhi ambayo leo huitwa Malkia Elizabeth walihesabiwa kwa maelfu. Kufikia mwaka 1980 walibaki takriban 150. Miongoni mwa bunduki zilizowaangamiza zilikuwamo za askari wenyewe. Bunduki ikizoea kuua bila hatia, haichagui tena kati ya ndege na ndovu.

Kwa hiyo mwanajeshi aliyeko Kasese na polisi aliyeko Bwera wanatakiwa kukamata nyavu haramu, na kumwacha mnandi akauke juani kwa amani. Risasi ya serikali ni amana ya wananchi.