Mrukaji wa Teso

Vijana waliokulia kati ya majabali ya Mwanza hawahitaji kufundishwa kuruka. Lakini kuruka ufito ni kazi nyingine, nami nitaieleza kwa habari za Patrick Etolu, mtu wa Teso katika nchi ya Uganda.

Mrukaji akishindwa mara tatu mfululizo, ametoka. Hata mshindi, akiisha kubaki peke yake, kwa desturi huendelea kupandishiwa ufito hata umshinde. Michezo michache ina ukali kama huo.

Mwaka 1954 Etolu alisafiri mpaka Vancouver, Kanada, kwenye michezo ya Dola ya Kiingereza. Emmanuel Ifeajuna wa Nijeria, aliyevaa kiatu mguu wa kushoto tu, aliruka futi 6 na inchi 8 akatwaa dhahabu. Etolu akapata fedha, nishani ya kwanza ya Uganda katika michezo hiyo. Wa tatu akawa Nafiu Osagie, naye Mnijeria. Nishani zote tatu kwa Waafrika! Na siku zile warukaji waliangukia mchanga au unga wa mbao, si godoro nene. Aliyejitupa kwa mgongo angaliweza kuvunjika shingo.

Mwaka 1956, Uganda ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Etolu alikuwamo. Huko Melbourne hakupata nishani. Dhahabu ilikwenda kwa Charles Dumas wa Marekani, ambaye mwaka uo huo alikuwa mtu wa kwanza kuvuka futi 7.