Pete ya Fedha: Chapa Yasema Nini?

Wanunuzi wengi hudhani kwamba chapa iliyo ndani ya pete ni dhamana ya pete nzima. Sivyo.

Jijini London, kupima fedha kulianza kwa sheria ya mwaka 1300, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza. Hadi leo, pete iliyopimwa katika jumba la Goldsmiths' Hall hugongwa kichwa cha chui, alama ya aliyeileta na tarakimu za ubora. Tarakimu 925 maana yake ni kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi.

Lakini sheria ya Uingereza hailazimishi chapa kwa fedha isiyofikia gramu 7.78, na pete nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Tarakimu 925 pekee, bila alama ya ofisi ya upimaji, ni neno la muuzaji tu.

Tena chapa haisemi lolote kuhusu kito. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani, kaskazini mwa Tanzania, ikigeuzwageuzwa kwenye mwanga huonyesha buluu na zambarau. Kioo kilichotiwa rangi hubaki na buluu ile ile. Hata hivyo, macho hudanganyika. Kwa kito cha thamani, mnunuzi hana budi kudai cheti cha maabara kabla ya kulipa, na risiti itaje jina la kito.